Muulize Daktari: likizo ya kiangazi, kliniki au maabara?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mi nasoma udaktari wa wanyama mwaka wa pili, napenda sana upasuaji na kila mtu ananiambia likizo ya kiangazi niimalizie kliniki. Ila nimeona kuna nafasi za utafiti Marekani za wiki kumi hivi na posho wanatoa. Maabara sijawahi kushika hata pipeti, kile kifaa cha kupimia majimaji, alafu mi sio raia wa huko. Niombe? Na kama nataka kutibu tu, utafiti wa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Omba, tena usichelewe, maana nyingi zinafungwa miezi kadhaa kabla ya kiangazi chenyewe na wengi wanaanza kuulizia wakati mlango ushafungwa.

Hilo la kutoshika pipeti lisikutishe kabisa. Ile programu kubwa ya utafiti wa kiangazi ya Boehringer Ingelheim, kampuni ya dawa, ipo tangu 1989 na inalenga hasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, yaani watu ambao bado hawajui kitu maabara, kufundishwa ndo kazi yenyewe. Maombi hupeleki kwa kampuni, unapeleka chuo kinachoshiriki na chuo ndo kinachagua watu wake, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo peke yake.

Kuhusu uraia, uliza kwanza hela inatoka wapi. Kama ni ruzuku ya mafunzo ya NIH, yaani taasisi za afya za serikali ya Marekani, ile wanayoiita T35, hiyo ni ya raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu, hapo usipoteze muda. Fedha nyingine zina masharti tofauti. Chuo Kikuu cha Cornell kwa mfano wana programu yao ya uongozi ya wiki 10, ilianza 1990, na wanapokea wanafunzi wa udaktari wa wanyama kutoka nchi nyingine pia, ila ushindani ni mkali na wanataka mtu anayeufikiria utafiti kama kazi, kwa hiyo ukiandika kule usiseme unataka kutibu tu.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Wanafunzi wengi wanachagua mradi kwa jina, wakiona saratani au seli shina wanakimbilia. We chagua msimamizi. Mwandikie imeili fupi, umesoma kazi yake gani na kipi kimekuvutia, alafu muulize bila aibu: nani atakaa na mimi kila siku maabara? Sampuli zipo tayari au ndo tutaanza kuzitafuta? Na kibali cha kamati ya matumizi ya wanyama kwenye utafiti kimeshatoka? Hilo la kibali watu hawaulizi na ndo linaumiza, kwa sababu bila kibali humgusi mnyama hata kwa tone la damu, na kibali kinaweza kuchukua wiki na wiki. Wiki kumi ni chache mno. Kama sampuli ziko kwenye friza na swali ni dogo utamaliza, kama mradi unaanzia sifuri utarudi na daftari tupu.

Na upasuaji wako hauendi popote. Utakuja kusoma makala inasema njia fulani ya kuunga mfupa ni bora, ukiangalia ndani mbwa ni wachache na kikundi cha kulinganishia hakipo, sasa mgonjwa yuko mezani na mwenye mbwa anakusubiri, utaamuaje? Mtu aliyekusanya data zake mwenyewe na kuhangaika nazo anaona udhaifu huo haraka. Na mkumbuke Walter Plowright, daktari wa wanyama Mwingereza, alitengeneza chanjo ya sotoka, ule ugonjwa uliokuwa unaua ng'ombe, akiwa Muguga, Kenya, na mwaka 2011 ikatangazwa sotoka imetokomezwa duniani. Daktari wa kliniki angetibu ng'ombe mmoja mmoja maisha yake yote na bado asingefika hapo, na nasema hivyo nikiwaheshimu sana wa kliniki.

SWALI: Daktari, mi niko wiki ya nane ya utafiti wangu na matokeo hayaonyeshi tofauti yoyote kati ya makundi mawili. Bango la matokeo natakiwa niwasilishe mwisho wa kiangazi. Nimwambie msimamizi nibadilishe mada?

JIBU: Hapana mdogo wangu, usibadilishe na usianze kukatakata data mpaka kitu kitokee, huko ndiko utafiti unakoharibikia. Andika ulichokiona. Kwenye mkutano wa kitaifa wa wanafunzi watafiti mwisho wa kiangazi hayo ni mabango ya kawaida kabisa, watakaosimama mbele yako watakuuliza idadi ya wanyama ilitosha kuona tofauti kama ingekuwepo? Kaa na mtu wa takwimu wiki hii, sio wiki ya kumi, mpige hesabu hiyo pamoja.