WRX yenye kilomita 210,000: ninunue?

Ndugu yangu, Subaru Impreza WRX ya kilomita hizo inanunulika, ila sikiliza injini kwanza. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ikigongagonga kidogo ikiwa baridi kisha ikatulia ikipata moto, mara nyingi ni pistoni tu. Ikizidi kugonga kwa mlio mzito ukikanyaga mafuta, hizo ni beringi za konrodi (fimbo inayobeba pistoni) zimeisha. Achana nayo hata wakikupunguzia bei.

Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, gari halikutunzwa, na turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, inategemea oili hiyohiyo. Bila risiti ya kubadilishwa kwa mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, ubadilishe mara moja pamoja na pampu ya maji. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Hela hiyo itenge kabla hujawaza rimu.