Maswali ya Wasomaji: Gemu Ndiyo Inayochagua Mashine

SWALI: Wakubwa, shikamooni. Nimenunua kompyuta ya mtumba hapa mjini, Pentium III ya 600 MHz, ramu 128 MB. Kasha lake limegeuka manjano. Nataka niifanye yote iwe ya Prince of Persia: gemu yenyewe ndani, na kasha lifanane na lile gereza la mawe. Ninunue nini, na nianzie wapi? (Msomaji, Igoma, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Mashine uliyonayo inatosha na kubaki. Prince of Persia, iliyotungwa na Jordan Mechner, ilitoka mwaka 1989 kwenye kompyuta ya Apple II, na toleo la DOS (mfumo wa kuandika amri, wa kabla ya Windows) likafuata mwaka 1990, wakati kompyuta nyingi zilitumia kumbukumbu ya KB 640 tu. Kwa hiyo usinunue ramu wala kadi kubwa ya picha. Fedha yako ielekeze kwenye umeme, sauti, na rangi.

Kabla hujachomeka waya, tazama nyuma ya pawa saplai. Nyingi za umri huo zina kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Mashine za mtumba zinatoka pia Marekani na Japani, ambako umeme ni mdogo kuliko wetu wa volti 230. Kiswichi kikiwa kwenye 115, saplai huzidisha volti mara mbili kupitia kapasita zake mbili kubwa (vile vikopo vya kutunza umeme). Ukiipa 230, kapasita hizo zilizoundwa kwa volti 200 kila moja zinagawana karibu 650. Hazisubiri dakika, zinapasuka. Hakikisha 230 inaonekana, ndipo uwashe.

Fungua ubavu, umulike madabodi (ile bodi kuu) kwa tochi. Kapasita zilizosimama karibu na prosesa ziwe na vichwa bapa. Kichwa kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia maana yake kapasita imekwisha. Madabodi za kati ya 1999 na 2007 zilikumbwa sana na ugonjwa huu, na dalili yake ni mashine kuganda au kujizima bila mpangilio. Fundi redio mzuri anazibadilisha: uwezo uleule wa mikrofaradi, volti ileile au zaidi, aina ya nyuzijoto 105, na upande wa hasi ukae ulipokuwa.

Kama mashine yako ni Dell ya miaka hiyo, usiazime pawa saplai ya kompyuta nyingine kuijaribu. Plagi inafanana kabisa na ya kawaida, lakini kuna Dell nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 ambazo nyaya zake zimepangwa tofauti, na madabodi huungua papo hapo.

Betri ya duara ya CR2032 ibadilishe hata kama inaonekana nzima. Ni ya volti 3. Ikishuka, tarehe inarudi nyuma na mipangilio ya diski inapotea kila umeme unapokatika, nawe utadhani diski ndiyo mbovu.

Sasa diski. Hadidiski ya umri wa miaka zaidi ya 20 usiitegemee. Tafuta kadi ya CompactFlash ya 2 GB na adapta yake ya IDE, ile njia ya zamani ya kuunganisha hadidiski. Kadi hizo zinaongea lugha ya IDE zenyewe, adapta haina akili yoyote ndani, ni njia tu ya nyaya. GB 2 ndiyo kikomo cha kipande kimoja katika mpangilio wa FAT16 wa DOS, na kwa gemu hii huhitaji zaidi. Kadi ya SD nayo inawezekana, ila adapta yake lazima iwe na chipu ya kutafsiri, na nyingine za bei rahisi zinasumbua.

Mfumo wa kuendeshea tumia FreeDOS. Ni wa bure na halali, na mradi wake ulianza mwaka 1994. Choma sidii ya toleo la mashine za zamani, kwa sababu kompyuta nyingi za Pentium III haziwezi kuanza kwa flashi. Ndani ya FDISK, programu ya kugawa diski, tengeneza kipande kimoja, kisha kifanye kiwe hai (active). Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka, halafu wanalalamika kwamba mashine haianzi. Baada ya hapo andika FORMAT C: /S. Ukiwasha ukaona kistari kinawaka na kuzimika juu kushoto bila neno lolote, rudi kwenye sidii uandike FDISK /MBR.

Gemu yenyewe iwe nakala halali, pamoja na kijitabu chake. Kijitabu si pambo. Baada ya ngazi ya kwanza unaingia chumba chenye vichupa vya dawa vyenye herufi, na mashine inakuuliza herufi ya kwanza ya neno fulani kwenye ukurasa na mstari fulani. Ukinywa kichupa kisicho sahihi, kinakupunguzia uhai. Piga picha kurasa zote uzihifadhi. Na mkumbushe atakayecheza: dakika ni 60 kwa gemu zima, kitufe cha nafasi kinaonyesha zilizobaki, na Ctrl pamoja na G huhifadhi mchezo kuanzia ngazi ya tatu.

Tuje kwenye kasha, ambako kazi hii ina utamu wake. Gereza la gemu ni matofali makubwa ya mawe yaliyopangwa kwa kupishana. Usichore kila tofali kwenye kasha. Ukiitazama gemu vizuri utaona ukuta mwingi ni mtupu, na matofali yanajitokeza hapa na pale. Iga hivyo. Rangi ya toleo la VGA (picha za rangi nyingi) kwenye gereza ni buluu iliyopauka kuelekea kijivu, si kahawia. Kahawia na dhahabu ni za jumba la kifalme. Wengi wanakosea hapo, kasha linatoka kama la gemu nyingine.

Vua uso wa plastiki peke yake, toa vitufe na nyaya za taa. Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha usiku kucha. Piga msasa namba 320, kisha 600, mpaka mng'ao wote uondoke, maana rangi haishiki penye mng'ao. Mistari ya matofali ichore kwa penseli, kisha ikwangue taratibu kwa ncha ya msumari kina cha nusu milimita. Puliza praima ya plastiki, halafu rangi ya msingi kwa tabaka tatu nyembamba kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, ukisubiri dakika 15 kati ya tabaka na tabaka. Tabaka moja nene litatiririka. Rangi iliyokoza kidogo ipitishe kwenye mistari kwa brashi ndogo, kisha futa juu kwa kitambaa ili ibaki ndani ya mifereji tu.

Muda wa kupuliza, kwa mtu wa Mwanza, ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana siku isiyo na mvua. Alfajiri hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, na rangi ya kupuliza ikikutana nao hutoa ukungu mweupe usiofutika. Jioni wanakuja wadudu wa ziwani wakifuata taa, watanasa kwenye rangi mbichi na kazi yote utaianza upya kwa msasa.

Bati la ndani usilipake. Madabodi hupata ardhi yake kupitia skrubu zinazogusa chuma kitupu.

Na vile vichupa. Chukua chupa mbili za kioo za dawa ya sindano zilizo tupu, zioshe, weka taa ndogo ya LED chini ya kila moja. Nyekundu, ambayo kwenye gemu huponya, iwe ya umeme. Buluu, ambayo hudhuru, iwe ya diski. Ukizichomeka kwenye pini za madabodi zilezile za taa za zamani, kwa kawaida rezista imo tayari. Ukichukua umeme moja kwa moja kwenye plagi ya diski, waya mwekundu ni volti 5 na mweusi ni ardhi: nyekundu iwekee rezista ya omu 330, buluu omu 180. Waya wa njano ni volti 12, usiuguse kwa kazi hii. Taa isipowaka geuza miguu yake, LED hupitisha umeme upande mmoja tu.

Mtu akikushawishi uzungushie kasha mninga au plaiwudi, kubali kwa sharti kwamba matundu ya hewa yanabaki wazi na nyuma kuna sentimita 5 mpaka ukutani. Matundu ya mbele bandika kipande cha wavu wa dirishani kwa ndani, wadudu wasiingie kwenye feni, na ukisafishe kila mwezi.

SWALI: Habari za kazi. Kompyuta yangu inapiga muziki vizuri ndani ya Windows 98, lakini nikienda DOS kucheza Doom ni kimya kabisa. Spika ni nzima. (Msomaji, Musoma)

JIBU: Nzuri, ndugu. Sauti yako huenda imo ndani ya madabodi au kwenye kadi fupi ya PCI, zile zinazochomekwa kwenye nafasi fupi za madabodi. Windows inaiendesha kwa programu yake. Doom ya mwaka 1993 haimjui huyo mpatanishi; inagonga mlango wa kadi ya sauti ya Sound Blaster yenyewe, kwenye anwani 220, na hakuna anayeitika.

Dawa ya kweli ni kadi ya ISA. Tazama madabodi: nafasi nyeusi, ndefu kuliko zote, kwa kawaida pembeni kabisa, ndiyo ISA. Ukiwa nayo, tafuta Sound Blaster 16 au inayofanana nayo. Kwenye AUTOEXEC.BAT, faili linalosomwa DOS inapoanza, andika SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6, kisha ndani ya SETUP ya Doom chagua namba zilezile. Muziki ukisikika lakini milio ya risasi ikatike au gemu igande inapolia mara ya kwanza, namba 5 (ile I5, yaani IRQ, namba ambayo kadi huitumia kuiita prosesa) inagombaniwa na kadi nyingine. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya mfumo kuanza, uitenge kwa ajili ya ISA, au hamishia kadi ya sauti kwenye 7 na ubadilishe pia ule mstari.

Huna nafasi ya ISA? Chezea ndani ya Windows 98 kwenye dirisha la DOS, ambako baadhi ya kadi za PCI huweza kuigiza Sound Blaster. Vinginevyo badilisha madabodi. Zile za chipu ya 440BX ya mwaka 1998 nyingi zina ISA na zinabeba Pentium II na III.

SWALI: Gemu moja ya zamani inaniambia "Runtime error 200" hata kabla haijafunguka. Nyingine inafunguka lakini inakimbia kama imekunywa petroli. Kompyuta ni 700 MHz. (Msomaji, Kirumba, Mwanza)

JIBU: Ni ugonjwa wa familia moja. Kosa namba 200 linatoka kwenye programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu. Zinapoanza hupima kasi ya mashine kwa kuhesabu mizunguko ndani ya kipindi kifupi, kisha hugawanya hesabu hiyo. Kwenye prosesa ya takriban 200 MHz na kuendelea jibu linakuwa kubwa kuliko nafasi lililotengewa, na programu inaanguka. Ile inayokimbia haipimi chochote, iliandikwa ikiamini mashine zote zina mwendo mmoja.

Ingia BIOS, uzime kache ya prosesa (kumbukumbu yake ndogo ya kasi), ya ndani na ya nje. Mashine itapungua mpaka karibu na mwendo wa prosesa ya zamani ya 386, na mara nyingi matatizo yote mawili yanaondoka. Ukimaliza kucheza washa kache tena, maana Windows itachukua muda mrefu mno kufunguka bila kache.

SWALI: Huku kwetu natumia sola, na fundi ameniambia monita ya chogo itanimaliza betri. Nami sipendi gemu za zamani kwenye kioo kipana, watu wanaonekana wafupi na wanene. Nifanyeje? (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Fundi wako yuko sahihi, dada. Monita ya chogo ya inchi 17 peke yake hula wati 70 hadi 100, na bado hujaiwasha kompyuta. Tena usiifungue kwa ajili ya kuipaka rangi: ndani kuna volti zaidi ya 20,000, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Kwa sola tumia laptopu na programu ya bure ya DOSBox, inayoigiza kompyuta ya DOS. Tatizo la watu kunenepa lina sababu. Gemu za DOS zilichorwa kwa nukta 320 kwa 200, lakini zilionyeshwa kwenye kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, hivyo kila nukta ilikuwa ndefu kidogo kuliko upana wake. Ukizionyesha kwa nukta za mraba picha inafupika, na ukiivuta ijaze kioo kipana inazidi kunenepa. Kwenye faili la mipangilio la DOSBox andika aspect=true na output=opengl. Utabaki na vipande vyeusi kulia na kushoto. Viache hivyo, ndiyo picha sahihi.

Kwa gemu za umri wa Prince of Persia acha cycles=3000, yaani kasi ya mashine inayoigizwa. Kwa Doom anza na 20000, upandishe kwa Ctrl na F12 mpaka mwendo utulie, na ukisikia sauti inakwaruza shusha kwa Ctrl na F11. Ukitaka nayo iwe na sura ya gemu yako, rangi ile ya mawe inakaa vizuri kwenye kisanduku cha plaiwudi cha kuwekea laptopu na kibodi ya nje, mradi sehemu ya chini inayovuta hewa iinuliwe kwa vipande vya mbao vya sentimita 2.