Maswali ya Wasomaji: Roma Iligawanyika Lini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari mjini Tabora. Wanafunzi wangu huandika kwamba Dola ya Kirumi iligawanyika mwaka 395, lakini nikiwauliza sababu hunyamaza. Niwafundisheje?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu, mwaka huo ni sahihi, ila umebebeshwa mzigo usio wake. Kaisari Theodosius alifariki Januari 395, na wanawe wakarithi: Arcadius akashika Mashariki, na Honorius, mtoto wa miaka 10, akashika Magharibi. Hakuna aliyetangaza kwamba dola zimekuwa mbili. Sheria ziliendelea kutolewa kwa majina ya wote wawili. Wala kugawana utawala hakukuwa jambo geni, kwani tangu mwaka 286 Kaisari Diocletian alikuwa amemfanya Maximian kaisari mwenzake, kwa kuwa mtu mmoja hakuweza kuilinda mipaka ya mito Rhine na Danube na ule wa Uajemi kwa wakati mmoja.

Anzia stesheni yenu. Reli ya Kati hufika Tabora ikiwa moja, kisha njia moja ikaelekea Kigoma na nyingine Mwanza, na hakuna asemaye kwamba reli imekatikia hapo. Waulize ni nini kingezifanya njia hizo kuwa reli mbili. Wakitaja hazina, wapeleke Karthago, mji ambao Wavandali, watu wa jamii ya Kijerumani, waliuteka mwaka 439, Magharibi ikapoteza kodi na nafaka ya Afrika Kaskazini iliyolipia majeshi yake, ilhali Mashariki ilibaki na utajiri wa Misri. Wakisema ndugu walitupana, waambie kwamba mwaka 468 Mashariki ilituma kundi kubwa la meli kuikomboa Afrika, nazo Wavandali wakaziteketeza kwa moto.

Bila shaka atatokea wa kumtaja Mtemi Mirambo wa Unyamwezi. Mruhusu, lakini dola ya Mirambo ilisambaratika upesi baada ya kifo chake mwaka 1884 kwa sababu ilimtegemea yeye mwenyewe, ilhali Roma ilikuwa na makarani na watoza kodi waliobaki kazini kaisari alipokufa.

Kwa zoezi, waeleze kwamba mwaka 476 jemadari Odoacer alimwondoa madarakani kijana Romulus Augustulus, kaisari wa Magharibi, kisha mavazi ya kifalme yakapelekwa kwa Kaisari Zeno huko Konstantinopoli, mji mkuu wa Mashariki. Waandike ukurasa mmoja: ikiwa dola zilikuwa mbili tangu 395, kwa nini yalipelekwa kwake?