Bastola ya kuwindia: .44 au .500?
Shekhe, umeuliza uchukue bastola ya silinda ya .44 Magnum au ya .500 (namba hizo ni upana wa risasi, takriban, kwa inchi) huko Montana, Marekani, kwa kulungu na kulenga shabaha. Chukua .44, wala usijiumize kichwa. Ipo tangu 1955, na inakubali pia risasi za .44 Special, ambazo teke lake, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma, ni dogo. Tumia hizo kulengea shabaha mpaka mkono uzowee. Risasi ya .500, iliyotoka 2003, ni ghali na ina teke la punda: utaanza kufumba macho kabla hujavuta, na hapo hulengi tena, unabahatisha. Mtutu usipungue inchi 6. Ukirudi Unguja iache hukohuko. Paa nunga wetu hafiki kilo 15, na kumwinda marufuku.