Ndizi ya Tukuyu ina kromosomu ngapi?

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa kwanza chuo hapa Mbeya, nasoma baiolojia. Nimepiga msuli wiki tatu nzima, pasti pepa zote nimemaliza na majibu nayajua kwa kichwa, sasa testi imekuja na mambo yaleyale ila yamegeuzwa kidogo tu nikaambulia 11 kwa 30. Naogopa sapu. Naomba maswali ya kujipima kwenye mada kubwa kubwa.
Msomaji, Mwanjelwa

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Shida yako sio uvivu, wiki tatu za msuli sio mchezo, shida ni kwamba umebeba majibu ya mtu mwingine kwa hiyo swali likigeuka huna pa kushika. Ngoja nikupe ya hapahapa nyumbani. Funga madesa, shika peni, andika kwa sentensi zako mwenyewe ndo uje usome nilichoandika mimi.

Anza na ndizi maana hapo Mwanjelwa zinashushwa kutoka Tukuyu. Nunua moja iliyoiva, ikate katikati, utaona vidoti vyeusi vimejipanga pale ndani. Vile vilitakiwa viwe mbegu. Kwa nini havikuwa? Ndizi nyingi tunazokula zina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) 33, yaani seti tatu za 11, na kwenye meiosisi, ule mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi, kila kromosomu inatafuta mwenzake ili wagawane sawa, sasa zikiwa tatu tatu mgao unaharibika, gameti, yaani seli za uzazi, zinatoka na idadi zisizoeleweka na mbegu haipatikani, tunda lenyewe linanenepa tu bila kurutubishwa. Haya geuza: mkulima anapanda chipukizi, lina kromosomu ngapi? 33 zilezile, limetokana na mitosisi, mgawanyiko unaotoa seli zenye kromosomu zilezile. Geuza tena: shamba zima limetoka kwenye shina moja, ukiingia ugonjwa itakuwaje? Migomba yote ina jeni zinazofanana, kinachoangusha mmoja kinaweza kuangusha yote, uteuzi asilia unakosa cha kuchagua. Hapo umeshapita kwenye seli, jenetiki, uzazi wa mimea na evolusheni, na umetumia ndizi moja!

Enzaimu sasa, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Chai nyeusi na chai ya kijani zinatoka kwenye mmea mmoja, uwe wa Rungwe au Mufindi. Jani likisagwa, enzaimu inakutana na polifenoli (kemikali za jani) na oksijeni, rangi inageuka kahawia. Ya kijani hupigwa joto mapema, enzaimu inaharibika umbo na kazi inaishia hapo. Swali la kujipima: kwa nini kuweka majani kwenye friji hakutoshi? Kwa sababu baridi inaipunguza kasi tu, umbo linabaki, yakipata joto la kawaida inaendelea. Ukitaka kuona kwa macho menya kiazi, kipande kimoja kiache mezani kingine kichemshe kwanza.

Jenetiki: baba na mama kila mmoja ana kinasaba kimoja cha selimundu lakini hawaumwi, watoto watatu wa kwanza wamezaliwa wazima. Wa nne ana uwezekano gani wa kuugua? Wengi hapa wanaandika kwamba lazima augue. Hapana, ni robo, kama ilivyokuwa kwa kila mmoja wa wale watatu, mimba haikumbuki iliyotangulia.

La ikolojia jibu mwenyewe unitumie. Chura wa Kihansi kule Udzungwa anazaa watoto, hana hatua ya kiluwiluwi, na aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye umeme, wakafunga mabomba ya kumnyunyizia, bado mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Mabomba yalirudisha unyevu, sasa niambie ni nini kingine kinaweza kummaliza chura mwenye makazi madogo kiasi kile. Nataka sababu mbili, na kila moja uieleze inafanyaje kazi.