Rungwe: usikikimbilie kilele

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni njia ipi ya mlima katika mkoa wenu ungemshauri mgeni aipande, na ajiandae vipi? Mimi ni mkazi wa Tukuyu, mkoani Mbeya, na jibu langu ni Mlima Rungwe. Wenzangu wa Mbeya mjini najua watataja mlima Loleza, unaowatazama kila asubuhi, na wengine mlima Ngozi kwa ajili ya lile ziwa la kreta. Siwapingi. Ila ambaye hajapita msitu wa Rungwe bado hajajua maji ya huku kwetu yanatoka wapi.

Kilele kina mita 2,960 hivi, na swali la kwanza la kila mgeni ni saa ngapi mpaka juu. Kwenda na kurudi ni siku nzima. Lakini anayewaza kilele tu ataipita mbio sehemu iliyo bora kuliko zote, nayo iko katikati. Unaacha mashamba ya viazi na migomba, unaingia chini ya miti mikubwa, na papo hapo hewa inakuwa nyingine. Magome yamefunikwa na mimea laini ya kijani. Bana kipande kwa vidole: maji yanachuruzika kama umekamua sponji, hata mwezi wa nane, hata kama hakujanyesha siku kadhaa. Sehemu za mlima huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Msitu huishika ile mvua, kisha huiachia kidogo kidogo kwenye vijito vinavyoijaza mito yetu, Kiwira mmojawapo, mpaka Ziwa Nyasa.

Humo msituni ndimo anamoishi kipunji, tumbili wa huku kwetu. Wawindaji wa huku walikuwa wakimtaja tangu zamani; watafiti walimwona mwaka 2003, na mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu. Mwaka uliofuata wanasayansi walimpa jenasi yake peke yake, yaani kundi la kisayansi lililo juu ya spishi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wala tumbili wa Afrika kwa miaka 83. Hupatikana Rungwe na hifadhi jirani ya Kitulo, na wachache kule milima ya Udzungwa, basi. Usitegemee kumwona, ila ukitembea kimya unaweza kumsikia juu ya miti.

Baada ya miti mikubwa kuna mianzi, kisha nyasi na vichaka vifupi, na njia inasimama kweli kweli. Juu, kukiwa kweupe, kusini unaona Ziwa Nyasa, mashariki Kitulo na safu ya Livingstone, kaskazini milima ya Mbeya. Kukiwa kweupe! Mawingu huwahi kupanda, na ikifika adhuhuri mara nyingi huoni hata mwenzako aliyetangulia. Kwa hiyo anza kupanda alfajiri, na uchague kati ya Julai na Oktoba. Masika utelezi wake ni wa hatari, nasema kwa kumpenda mgeni.

Maandalizi hayana mengi. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, hivyo pitia kwanza TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, upate kibali na mwongozaji. Mwongozaji awe kijana wa vijiji vya hapo mlimani, tafadhali. Yeye ndiye anayejua njia ukungu ukifunga, na yeye akipata riziki kwa msitu uliosimama, ataulinda kuliko bango lolote. Vaa viatu vyenye meno, beba koti la mvua na sweta, na kila chupa uliyopanda nayo ushuke nayo. Inaniuma sana kuona plastiki kwenye kijito ambacho watu wa chini wanateka maji ya kunywa.

Siku ya pili usiondoke. Teremka kusini mwa Tukuyu hadi maporomoko ya Kaporogwe, maji yanaanguka mita 40 hivi. Nyuma ya maji kuna pango, na wazee husimulia kwamba Wajerumani walijificha humo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ingia na mtu wa pale, mawe yanateleza. Ukilowana, na utalowana, utayatazama yale maji kwa jicho jingine kwa sababu jana tu ulikuwa msituni ukaona maji yanavyokusanyika. Na ubebe fedha taslimu za noti ndogo ndogo: za mwongozaji, za bodaboda, na za kina mama wauza parachichi njiani.

Msomaji, Tukuyu