Barua kwa Mwalimu: Kaka yangu anasema alishindwa na kanisa

Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, barua zinazofika katika ukurasa huu kutoka Mtwara na Lindi zimebadilika. Zamani wasomaji waliniuliza juu ya mahari, karo na mipaka ya mashamba ya mikorosho. Sasa wengi wananiuliza kama bado wanaruhusiwa kula kwa jirani. Nimechagua barua tatu na nimewaficha majina walioziandika. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa mambo yake nayakuta katika nyumba nyingi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne na ninaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Masasi. Marehemu baba yetu alikuwa Mwislamu, mama yetu ni Muanglikana, na sisi watoto tuligawanyika kama zilivyo nyumba nyingi za huku: kaka yangu mkubwa alifuata dini ya baba, mimi na mdogo wangu tukafuata ya mama. Hatujawahi kugombana kwa ajili hiyo. Sikukuu ya Idi tunapika kwa kaka, Krismasi tunapika kwangu, na kuku wa Krismasi huchinjwa na kaka mwenyewe ili kila mmoja ale bila wasiwasi.

Katika uchaguzi wa kijiji kaka aligombea uenyekiti, akashindwa kwa kura tisa na mwalimu wa kwaya wa kanisani kwetu. Mimi sikumpigia kaka na wala sikumficha. Nilimwambia mapema kwamba ana hasira za haraka na kazi ile itamshinda. Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, baadhi yetu tulibaki chini ya mwembe tukazungumzia kura, lakini hayo yalikuwa mazungumzo tu. Sasa kaka anasema kila mahali kwamba alishindwa na kanisa. Salamu yangu anaiitikia kwa shida. Kila mwaka, fedha za korosho zikishalipwa, tunamsomea baba hitima, na mimi ndiye ninayepeleka mchele na kusimamia jikoni. Safari hii amemtuma mtoto aniambie kwamba wapishi wapo, nisijisumbue. Nimelia kama niliyefiwa na baba mara ya pili. Mchungaji ananiambia nisamehe na ninyamaze. Jirani yangu ananiambia nisimfuate mtu anayewachukia Wakristo. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole.

Katika barua yako ipo sentensi moja uliyoipitisha upesi, nayo ndiyo ninayotaka kuanza nayo. Unasema mlibaki chini ya mwembe na kwamba yalikuwa mazungumzo tu. Lakini chini ya mwembe huo, baada ya ibada, hapangeweza kuwapo Mwislamu hata mmoja, na sina shaka kwamba mgombea mmoja alitajwa kuwa ni mtu wetu. Huenda hamkula njama yoyote na hamkusema neno baya juu ya kaka yako. Hata hivyo, mtu aliyeshindwa kwa kura tisa hukesha akihesabu watu, na hesabu yake huanzia mahali walipokusanyika bila yeye. Kwa hiyo kaka yako anakosea anaposema kanisa ndilo lililomshinda, lakini hakuliota jambo hilo usingizini. Ukitaka akusikilize, umwambie kwanza habari ya mwembe kwa kinywa chako mwenyewe, kabla hujamweleza jinsi alivyokuumiza.

Jirani yako namwomba akae kando kidogo. Mtu aliyewachinjia kuku wa Krismasi miaka yote hiyo hakuanza kuwachukia Wakristo mwezi Novemba. Kwa ninavyoisoma barua yako, kilichomchoma si mwalimu wa kwaya, ni wewe. Kushindwa na mtu baki kunavumilika, kushindwa huku kijiji kizima kikijua kwamba dada wa tumbo moja alikuwa upande wa pili ni fedheha, na mwanamume mwenye fedheha ya namna hiyo hawezi kusimama barazani akasema, "Dada yangu hakuniamini." Akisema kwamba Wakristo walimfanyia fitina, anapata wa kumwitikia. Ndiyo maana nawasihi wote walionieleza habari kama yako wasikimbilie kuijibu dini pale dini inapotajwa, kwa sababu ukimjibu kaka yako kwa kumtetea Kristo utakuwa umemthibitishia kwamba ugomvi ulikuwa wa dini tangu mwanzo, na hapo nyote wawili mtapata mashabiki msiowahitaji.

Liko jambo jingine ambalo mchungaji hatakukumbusha, na shehe wa kaka yako hatamkumbusha yeye. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hesabu hiyo wewe na kaka yako ni ukoo mmoja, mmoja akielekea kibla na mwingine altare, na yeye ndiye mjomba wa wanao wanne. Siku ya kumtoa kijana wako jandoni, na siku watu watakapokuja kumposa binti yako, wazee watauliza mjomba yuko wapi, na hakuna mwenyekiti wa kijiji anayeweza kuijaza nafasi hiyo. Hata wamisionari waliokuja huku walilielewa hili. Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, hakuipiga jando marufuku kama wengine walivyotaka, bali aliiwekea taratibu na sala za Kikristo, kwa kuwa hakutaka Mkristo ang'olewe kutoka kwa watu wake. (Wapo wanaomlaumu kwamba aliibadilisha mno, nami nawaelewa, lakini hiyo ni barua ya siku nyingine.)

Basi mtafute mjomba wenu, yaani ndugu wa mama yenu, na kama hayupo mtafute mzee mwingine wa ukoo ambaye hakuonekana kwenye kampeni za upande wowote. Usimtume mchungaji na usimtume jirani. Mzee huyo aende kwa kaka yako jioni, nyumbani, wala si barazani wala ghalani mbele ya watu, na apeleke maneno mawili tu: kwamba dada yako anakiri alikuwapo chini ya mwembe na anajua ulivyoumia, na kwamba hitima ya baba yenu haina uhusiano na kura. Asijaribu kumshawishi kwamba ulifanya vema kumpigia mwingine. Ulikuwa na haki ya kumpigia umtakaye, haki hiyo haihitaji kuthibitishwa na yeye, na ukiing'ang'ania katika mazungumzo haya utayarefusha bure.

Kuhusu hitima yenyewe sikubaliani na mchungaji wako kwamba unyamaze. Mtoto wa marehemu haalikwi hitima ya baba yake. Siku hiyo amka mapema, beba mchele wako kama miaka yote, jifunge kanga ya kawaida isiyo na rangi ya chama chochote, nenda moja kwa moja jikoni na uwasalimie wanawake utakaowakuta. Wakikuambia wapishi wametosha, kaa uchambue mchele. Kisomo kikianza tulia kwa heshima. Hakuna atakayekudai uitikie usichokiamini. Ukifukuzwa waziwazi, jambo ambalo sidhani kwamba kaka yako atalithubutu mbele ya wazee, acha mchele mlangoni, useme ni wa baba, kisha urudi kwako bila kuongeza neno.

Limebaki la zile kura tisa, nami hapa nitasema kwa ukali kidogo. Nimechoka kuwasikia watu wakihubiri uvumilivu wakiwa na maana kwamba aliyeshindwa afunge mdomo. Kaka yako akiona kuna kasoro katika uendeshaji wa kijiji ana haki ya kuuliza, na pahali pa kuuliza papo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeuweka mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa juu ya halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na mkutano huo unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Akisimama kuuliza ushuru wa korosho umejenga nini, na swali likawa la haki, simama nawe umuunge mkono, hata kama mwalimu wa kwaya atakunja uso. Siku watu watakapokuona unafanya hivyo, itakuwa vigumu sana kwa mtu yeyote kijijini kwenu kuendelea kuisimulia habari ya kanisa lililomwangusha mgombea Mwislamu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa miaka 27, nauza samaki mjini Lindi. Ijumaa ya mwisho kabla ya kupiga kura, khatibu wetu alisema kwenye mimbari kwamba Mwislamu anayempa kura asiyekuwa Mwislamu ameisaliti dini yake. Mimi nilimpa kura Mkristo kwa sababu tumekaa naye mtaa mmoja tangu utoto na ninaujua uaminifu wake. Tangu hapo nikisimama kuswali nyuma ya khatibu yule moyo wangu hautulii. Je, nihame msikiti?

JIBU: Usihame bado. Mimi si mwanachuoni, na hukumu ya swala yako utaipata kwa wenye elimu hiyo. Ninachoweza kukuambia ni namna ya kumwendea mtu. Mfuate baada ya swala ya alasiri akiwa peke yake, umpe heshima yake, kisha umwombe dalili ya maneno yale, ukimkumbusha aya ya 8 ya Suratul Mumtahina, ambayo inasema Mwenyezi Mungu hawakatazi Waislamu kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakuwapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Jirani yako huyo hakumtoa mtu nyumbani kwake. Usimrekodi kwa simu, maana sauti ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hutakuwa tena na mazungumzo, utakuwa na kesi. Akikuonyesha kwamba aliteleza, yaishe. Akishikilia na kurudia mimbarini, lifikishe kwa kamati ya msikiti, na hapo ndipo ninapoona una ruhusa ya kutafuta pengine pa kuswalia Ijumaa.

Kuhusu usaliti, nikukumbushe tu kwamba Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kuandikishwa kwa chama chochote kinachokusudia kupigania maslahi ya imani au kundi la dini. Hakuna, kwa hiyo, chama cha Waislamu wala cha Wakristo ambacho mtu anaweza kukisaliti. Tulizoea kuviita hivyo vijiweni, CUF cha hawa na CHADEMA cha wale, mpaka mwaka 2015 vyama hivyo vikaungana ndani ya UKAWA pamoja na NCCR-Mageuzi na NLD, vikamsimamisha Edward Lowassa, Mkristo, kugombea urais. Mwaka huohuo majimbo ya ubunge ya Mtwara Mjini, Tandahimba na Kilwa Kusini yalichukuliwa na CUF, na la Ndanda likachukuliwa na CHADEMA. Waliokuwa wakituambia kwamba vyama hivyo ni mafuta na maji sikuwasikia wakieleza.

Na wasomaji Wakristo wasicheke pembeni. Ninazo barua za waumini wa makanisa zinazosimulia mahubiri ya namna hiyohiyo, na jibu langu kwao lingekuwa hili hili, isipokuwa wangeenda kwa baraza la kanisa.

SWALI: Hapa Mikindani tunabishana kila jioni. Wenzangu wanasema Katiba imeweka zamu, akitoka rais Mwislamu aingie Mkristo, na kwamba wanaochagua bila kufuata zamu wanavunja sheria. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Zamu hiyo watu waliiona kwa macho: Mwalimu Nyerere Mkristo, Mzee Mwinyi Mwislamu mwaka 1985, Mkapa wa Lupaso, Masasi, Mkristo mwaka 1995, Kikwete Mwislamu mwaka 2005, Magufuli Mkristo mwaka 2015, na Samia Mwislamu mwaka 2021. Lakini huyo wa mwisho hakuingia kwa zamu, aliingia kwa sababu rais alifariki na Katiba inamtaka Makamu amalizie kipindi. Nadhani wenzako wanachanganya na Ibara ya 47, ambayo kweli inataka Rais akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamu atoke sehemu ya pili. Hiyo ni habari ya Bara na Zanzibar, si ya msikiti na kanisa. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na sifa za mgombea urais zimo katika Ibara ya 39: uraia wa kuzaliwa, umri wa miaka 40, kupendekezwa na chama, na nyingine chache. Jioni ya leo nenda na Katiba hapo kijiweni, uisome kwa sauti, na anayebisha akuonyeshe ni kifungu kipi kinachomuuliza mgombea dini yake.